Mama lishe aliyekula kwa kusimama: miaka minne ya "vidonda vya tumbo" ambavyo havikuwa vidonda

Kisa hiki nimeruhusiwa na mwenyewe kukieleza, jina lake na mji wake naviacha. Ni dada wa miaka 29, watoto wawili, kazi yake mama lishe pale stendi, anaamka saa tisa usiku kuchemsha maharage na kukanda maandazi, saa kumi na mbili asubuhi makonda na madereva wameshajaa kwenye mabenchi yake. Watu wote wanamsifia chakula. Yeye mwenyewe chakula hicho hakimpiti.

Nasema hakimpiti kwa maana halisi kabisa. Miaka minne alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo, sehemu tofauti tofauti, mara kituo cha afya mara duka la dawa mara zahanati ya binafsi, na kila alikokwenda alisema neno moja, "kifua kinawaka na chakula kinarudi", basi hapo tu mkono wa daktari ushaanza kuandika omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumboni. Nilihesabu kwenye daftari lake na vikaratasi alivyovikunja kwenye mfuko wa nailoni: dozi ya bakteria wa vidonda amepewa mara tatu, kamili, wiki mbili mbili, antibayotiki mbili na omeprazo juu yake. Mara ya tatu hata kipimo cha choo hakikurudiwa, alipewa tu kwa sababu bado analalamika. HIV amepimwa mara tatu, hana. Mimba pia amepimwa, zaidi ya mara moja, kwa sababu anatapika.

Alipofika kwangu hakuja na tatizo la tumbo. Alikuja na kikohozi cha usiku na uzito ulioporomoka, kwa hiyo mi na wenzangu tukawaza TB, kama ambavyo ungewaza wewe. Makohozi tukapeleka GeneXpert, yakarudi hakuna TB. Picha ya kifua tukapiga. Niliisimamisha ile filamu kwenye taa nikaangalia mapafu, kulia chini kulikuwa na uwingu kidogo, nikaandika nimonia, nikampa antibayotiki, akaondoka. Naliandika hili wazi kwa sababu jibu lilikuwa kwenye filamu ile ile na nililipita. Nitarudi kwenye hiyo picha.

Wiki tatu baadaye karudi, safari hii na mumewe. Uzito kilo 44, na kadi ya kliniki ya mtoto wa pili inaonyesha alikuwa 63. Mume ndiye aliyesema kitu kilichonishtua, alisema, "Dokta, mke wangu tangu mwaka juzi hajala akiwa amekaa." Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema anakula kasimama, akimaliza anatembea nyuma ya nyumba anajipiga kifuani, na usiku analalia mito mitatu na begi la nguo, akiteleza tu akalala flati anaamka anapaliwa, na asubuhi mto umelowa.

Hapo nikaacha kalamu. Nikamtuma muuguzi kantini alete chapati moja na chupa ya maji, nikamwambia dada, hebu kula hapa mbele yangu kama unavyokula nyumbani, usione haya.

Akasimama. Akakata kipande kidogo, akatafuna muda mrefu sana, akameza. Akatulia kama anasikilizia kitu. Kipande cha pili, cha tatu, kisha akaweka mkono katikati ya kifua, pale chini kabisa ya mfupa, akasema "kimefika hapa." Akanywa maji, nusu chupa kwa mkupuo, akanyanyua mikono yote juu akarudisha mabega nyuma akavuta pumzi ndefu akaizuia, uso ukamwiva, alafu akashusha. "Kimoja kimepita," akasema. Tukangoja. Baada ya dakika kama kumi akainama kwenye beseni bila hata kichefuchefu, bila tumbo kukaza, vikamwagika tu kama unavyoinamisha jagi: chapati yenyewe, na ndani yake punje za maharage nzima nzima. Maharage ameyala jana yake jioni. Harufu haikuwa ile kali ya matapishi, ilikuwa harufu ya togwa iliyokaa siku mbili.

Nikamuuliza maswali mawili tu. Je, maji nayo yanakwama? Akasema yanakwama, tena ya baridi ndiyo mabaya zaidi, ya moto angalau yanapita, ndiyo maana anatembea na chupa ya chai. Je, kikirudi kina ukali au uchungu mdomoni? Akasema hapana, kikirudi mapema ni ladha ile ile aliyokula.

Haya majibu mawili yana uzito kuliko daftari lote lile. Kansa ya umio, yaani ya njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, ambayo huku kwetu ndiyo ya kuogopwa, mara nyingi inaanza kwa kukwamisha vigumu, leo nyama, mwezi ujao ugali, kisha wali, kisha uji, mwisho mate, kwa sababu njia inazibwa pole pole. Kovu la mtu aliyewahi kunywa magadi ya sabuni utotoni nalo linaanza hivyo hivyo. Ila mtu ambaye tangu mwanzo maji na ugali vinakwama sawasawa, njia yake haijazibwa na kitu, ni mwendo wenyewe ndio umeharibika. Na chakula kinachorudi hakina ukali maana yake hakijawahi kufika kwenye asidi, kiliishia juu. Mgonjwa wa vidonda au wa asidi kupanda anarudisha kilichoshafika tumboni. Huyu dada chakula chake hakikuwa kinapanda kutoka tumboni, hakikuwahi kushuka.

Ugonjwa unaitwa akalasia, jina la Kigiriki, maana yake kutolegea. Nieleze kidogo hapa maana ndipo watu wengi wanapopotea. Umio wa mtu mzima ni bomba la misuli la sentimita 25 hivi, ukimeza, misuli inabana kutoka juu kwenda chini kama mtu anayekamua mpira wa maji, na kule mwisho kabla ya kuingia tumboni kuna mlango wa misuli ambao muda wote umefungwa, unalegea tu pale tonge linapokuja. Kulegea huko kunaagizwa na neva ndogo ndogo zilizolala katikati ya tabaka mbili za misuli, zinazotoa kemikali ya nitriki oksaidi. Kwenye akalasia hizo neva za kulegeza zinakufa, inavyoonekana ni kinga ya mwili yenyewe inazishambulia, wakati zile za kubana zinabaki zinafanya kazi. Kwa hiyo mlango unabanwa na hakuna wa kuulegeza, na bomba lenyewe linaacha kukamua. Chakula kinajaa juu ya mlango, uzito wake tu ndio unaokisukuma kipenye kidogo kidogo, ndiyo maana anakula kasimama, ndiyo maana anakunywa maji mengi na kuvuta pumzi: anaongeza mgandamizo kutoka juu. Hakuna aliyemfundisha, mwili wake ulijitafutia.

Na kile kifua kuwaka je? Ndicho kilichowadanganya wote. Chakula kikilala kwenye umio kinachachuka, kile kile kinachotokea kwenye togwa, kinatengeneza asidi yake chenyewe pale pale na kinaunguza. Umio nao unapojikaza unauma. Omeprazo inazuia asidi ya tumboni, haina lolote la kufanya na uchachu wa juu. Kikohozi cha usiku ni chakula kinachomwagikia mapafuni akilala.

Ni ugonjwa adimu, kwenye nchi zenye takwimu nzuri wanaogundulika ni kama mtu 1 mpaka 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wanaume na wanawake sawa. Ukiwa daktari wa wilaya unaweza ukamwona mmoja kwa miaka kadhaa, wakati wa vidonda unao kumi kila siku. Simlaumu mtu aliyemwandikia omeprazo mara ya kwanza. Namlaumu wa mara ya tisa, na mi nilikuwa karibu niwe wa kumi.

Sasa turudi kwenye ile picha ya kifua. Nikaenda kuichukua tena. Pembeni ya moyo upande wa kulia kulikuwa na mstari wa pili, kama kivuli kinachoshuka sambamba na moyo, ule ulikuwa ni ukuta wa umio uliotanuka, na juu kidogo nyuma ya mfupa wa kifua kulikuwa na mstari umelala flati, hewa juu maji chini. Na chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, upande wa kushoto, ambapo kwa mtu aliyesimama kila siku unaona povu la hewa la tumboni, hakukuwa na kitu. Hewa tunayomeza haifiki. Vitu vitatu, vyote kwenye filamu niliyoishika mkononi wiki tatu nyuma, ila nilikuwa naangalia mapafu tu kwa sababu nilishaamua natafuta TB.

Kipimo kilichofuata ni cha bariamu, na hapa nataka niongee taratibu maana nakionea uchungu hiki kipimo. Siku hizi kila mtu anataka kamera, ile inayoshushwa kooni mpaka tumboni, na kamera ni muhimu, nitaieleza, lakini bariamu ni kikombe cha unga mweupe uliokorogwa na mashine ya eksirei ya kawaida, na hospitali nyingi za mkoa zinaweza kukifanya, imekuwa kama kimesahaulika tu. Tulimpa mililita 200 hivi anywe akiwa amesimama, fundi wa eksirei akapiga picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5. Kwa mtu mzima wa afya, dakika ya kwanza haijaisha imeshashuka yote. Kwake dakika ya 5 nguzo ya bariamu ilikuwa bado imesimama sentimita 14, juu pana kama mfuko, chini ikachongoka laini, nyembamba, pande zote mbili sawa, mpaka kwenye ncha. Vitabuni wanaiita mdomo wa ndege. Fundi wetu alisema inafanana na karoti na mi naona karoti ndiyo yenyewe hasa. Kansa kwa kawaida haichongoki laini hivyo, inakatika ghafla, kingo zimeparurika kama zimetafunwa, au inakuwa ndefu isiyonyooka, wao wanaiita mkia wa panya.

Lakini ulaini wa karoti hautoshi kumhukumu mtu. Kuna kansa ya pale mlangoni kabisa, ya juu ya tumbo, inaweza kuzunguka mlango kwa nje na kuiga akalasia kila kitu hadi bariamu. Unaishuku zaidi kwa mtu mwenye umri mkubwa, wa miaka zaidi ya 55 hivi, aliyeanza juzi tu ndani ya miezi sita na anakonda kwa kasi. Huyu alikuwa kijana na ana miaka minne ya ugonjwa, ila kwenye ukanda wetu umri mdogo haukupi usalama wa kutosha. Kuna ukanda wa kansa ya umio unaotoka Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, na pale hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, wameandika miaka mingi kuhusu wagonjwa wa kansa ya umio wenye miaka chini ya 30. Kwa hiyo huku, mtu yeyote ambaye chakula kinamkwama lazima apigwe kamera, sina mjadala na hilo.

Yeye kamera alishawahi kupigwa mwaka wa pili wa ugonjwa, na majibu yakasema hakuna vidonda, tumbo limevimba kidogo. Hayo majibu ndiyo yaliyomfungia njia, maana kila aliyefuata aliyasoma akasema basi huna kitu kikubwa. Nawaomba wenzangu tulishike hili: akalasia ikiwa changa kamera inaweza kuonyesha umio wa kawaida kabisa, kwa sababu kamera inaangalia ukuta, haiangalii mwendo.

Tukampa rufaa, kamera ya pili ikapigwa, na sasa hakuna aliyehitaji kubahatisha. Umio umetanuka, mabaki ya chakula yamelala ndani, ukuta una fangasi wa kuchacha kwa chakula. Bingwa aliponipigia simu alisema mlango ulikuwa umekaza lakini kamera ilipoegemezwa kidogo ukaachia, ikapenya kama kuna kitu kimeachia ghafla. Hiyo ni dalili njema, kansa mara nyingi haiachii hivyo. Akaikunja kamera ndani ya tumbo kuangalia mlango kwa chini, hamna uvimbe.

Kipimo cha mwisho kinachokamilisha ugonjwa huu ni manometri, mrija wenye visensa vya mgandamizo, ndicho kinachogawa akalasia katika aina tatu, na ile aina ya pili ndiyo inayoitikia matibabu vizuri kuliko zote. Sisi hatukukipata. Tungeweza kusubiri na tusingefika popote, bariamu na kamera na historia vilikuwa vinasema jambo moja, tukaamua kuendelea. Nikampigia hesabu ya alama za Eckardt, ambazo huhitaji mashine kuzipata, unauliza mambo manne tu: kukwama, kurudi kwa chakula, maumivu ya kifua, na kilo zilizopotea, kila moja sifuri hadi tatu. Kukwama kila mlo tatu, kurudi kila mlo tatu, kupungua zaidi ya kilo 10 tatu, maumivu ya hapa na pale moja. Kumi kati ya 12. Lengo la matibabu ni kushuka hadi 3 au chini.

Niliwaeleza yeye na mumewe na mama mkwe wake ambaye naye alikuja, mama mzima wa heshima zake ambaye moyoni alikuwa na hoja yake nyingine kabisa. Aliamini mkamwana wake amelishwa kitu na washindani pale stendi, na walishapita kwa mganga mara mbili, dawa zenyewe za kutapisha. Sikubishana naye. Nilimwonyesha filamu, nikamwambia, mama, ona chakula kilipokwama, mlango huu hapa haufunguki. Aliishika ile filamu muda mrefu akauliza, "Sasa mlango si unafunguliwa?" Nikamwambia ndiyo, ndicho tunachotaka kufanya.

Cha kujua ni kwamba neva zilizokufa hazifufuki. Hakuna dawa inayorudisha mwendo wa umio. Matibabu yote ni kuulegeza mlango ili uzito wa chakula ufanye kazi yenyewe. Mwaka 1674 Mwingereza Thomas Willis alimtengenezea mgonjwa fimbo ya mfupa wa nyangumi yenye sponji nchani, kila akila anaisukuma kooni chakula kishuke, na yule mtu aliishi hivyo miaka mingi. Ukifikiria, wazo halijabadilika, kilichobadilika ni fimbo.

Wakati tunasubiri nafasi tulijaribu nifedipini, ile ya presha, dakika kama ishirini kabla ya kula. Ilisaidia kidogo sana na kichwa kikawa kinampasuka, siku ya nne akaacha. Sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, kwenye mlango inafaa kwa mzee asiyehimili upasuaji, nguvu yake inaisha ndani ya miezi, kwa msichana wa miaka 29 ni kumwongopea. Zikabaki njia za kudumu. Kupanua kwa puto, la milimita 30 kisha 35, likibidi 40, linawekwa mlangoni na kujazwa hewa mpaka misuli ichanike. Jaribio kubwa la Ulaya lililotoka 2011 lililinganisha puto na upasuaji, baada ya miaka miwili mafanikio yalikuwa asilimia 86 kwa puto na 90 kwa upasuaji, yaani yamekaribiana. Ila puto kwa vijana linarudiwa rudiwa, na kila mara kuna hatari ndogo ya kutoboa umio, na ukitoboka unahitaji upasuaji wa haraka. Ipo pia njia mpya ya Wajapani, ya kukata misuli kwa kamera ukipitia ndani ya ukuta wa umio, Inoue aliitangaza 2010, ni nzuri sana lakini asidi inapanda zaidi baadaye, na kwetu haikuwa mezani. Kurudi rudi mjini kwa puto mara tatu nauli ingewamaliza, mume alishauza pikipiki. Tukachagua kisu.

Upasuaji wenyewe ni wa Ernst Heller, Mjerumani wa Leipzig, 1913. Unakata misuli ya mlango kwa urefu, sentimita sita hivi kwenye umio na mbili hadi tatu kushuka kwenye tumbo, unaacha utando wa ndani mzima. Heller alikata mbele na nyuma, baadaye ikaonekana mbele peke yake kunatosha.

Hatari kubwa haikuwa kisu, ilikuwa usingizi. Mtu mwenye umio uliojaa ukimlaza na kumpa nusu kaputi, vile vyote vinamwagikia mapafuni kabla mrija haujaingia. Kwa hiyo siku tatu kabla ni maji na chai na maziwa tu, na jioni ya mwisho umio unaoshwa kwa mrija mpana mpaka maji yatoke meupe. Jioni ile zikatoka punje za wali. Ndugu mmoja alimhurumia akampa wali jana yake mchana, akiona mgonjwa ananyimwa chakula kesho anapasuliwa. Daktari wa usingizi akakataa, na alikuwa sahihi kabisa, tukasogeza siku mbili mbele, muuguzi akakaa na ndugu wote akawaeleza upya, safari hii kwa kuwaonyesha ile ndoo.

Niliomba niingie thieta, nikapewa kushika vyuma. Tumbo lilipasuliwa kawaida, siyo kwa matundu. Sehemu ya kushoto ya ini ikasogezwa, umio ukaonekana, mnene, misuli ya chini pale mlangoni migumu na mieupe. Bingwa akaanza kutenganisha nyuzi za misuli moja moja, polepole mno, nusu saa kwa sentimita chache, na kila zilipoachana ule utando wa ndani ukawa unachomoza wenyewe kwenye ufa, unang'aa, laini kama ndizi inavyochungulia ganda likichanwa. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kile. Kisha wakajaza maji pale tumboni na mtu wa usingizi akapuliza hewa kwenye mrija, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwenye beseni, na vipovu viwili vikapanda. Kitundu kama cha sindano, pale chini ambapo utando wa tumbo ni mwembamba zaidi. Kikashonwa kwa uzi mwembamba, wakapuliza tena, kimya. Alafu sehemu ya juu ya tumbo ikakunjwa mbele ikashonewa kwenye kingo za misuli iliyokatwa, mtindo wa Mfaransa Dor wa 1962, inafanya kazi mbili, inazuia asidi kupanda maana mlango sasa hauna nguvu, na inafunika utando pamoja na kile kitundu kilichoshonwa.

Siku ya pili akanywa dawa ya picha inayoyeyuka kwenye maji, haikuvuja. Siku hiyo hiyo jioni akapewa maji ya vuguvugu kwenye kikombe cha plastiki. Mi nilikuwepo. Akanywa funda moja, akaanza kusimama kwa mazoea, muuguzi akamshika bega akamwambia kaa tu dada. Akakaa. Tukamwangalia wote. Akasikilizia, mkono upo kifuani pale pale pa siku zote, dakika moja, mbili, kisha akautoa mkono akaniangalia akasema, "Sijasikia yakisimama." Akaomba kikombe kingine.

Uji mwembamba siku ya tatu, nyumbani siku ya sita, vyakula laini wiki nne. Wiki ya sita kilo 48, mwezi wa sita 55. Bariamu ya dakika ya 5 ilikuwa sentimita 3. Eckardt imeshuka kutoka 10 hadi 2. Kikohozi cha usiku kiliisha chenyewe, ile begi ya nguo imerudi kabatini, mto mmoja anaulalia kwa sababu nimemwambia asilale flati.

Sasa hivi, na hii ni haki kuisema, ana kiungulia cha kweli baadhi ya siku, asidi halisi ya tumboni inayopanda kupitia mlango tuliouchana. Namwandikia omeprazo ile ile, na safari hii inamsaidia. Anaijua tofauti yake kuliko mimi, anasema zamani moto ulikuwa hauna ukali mdomoni, sasa hivi una ukali.

Nyongeza moja kwa wanaotibu watoto: mkipata mtoto chakula kinamrudi na akilia machozi hayatoki, msimfanyie haraka upasuaji, pimeni kwanza tezi za juu ya figo. Upo ugonjwa wa kurithi unaounganisha hivyo vitatu, akalasia, kukosa machozi na upungufu wa homoni ya hizo tezi, na mtoto asiyepewa hiyo homoni anaweza kufa mikononi mwenu siku ya usingizi.

Kuhusu dada yetu, umio wake bado haukamui na hautakamua. Anakula amekaa wima, anatafuna vizuri, anasindikiza kwa maji, hali kitu ndani ya saa tatu kabla ya kulala. Nimemwambia chakula kikianza kukwama tena asingoje, aje, maana umio wa akalasia baada ya miaka mingi una hatari iliyoongezeka ya kansa na kovu pia linaweza kubana. Kadi yake nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu kabisa, akalasia, amefanyiwa upasuaji wa mlango wa umio, asilazwe kwa usingizi bila daktari kujua, ili atakayempokea popote asianze tena na vidonda. Miadi yake ni mwezi wa pili, tutampiga bariamu nyingine. Aliuliza kama nyama choma anaweza. Nikamwambia ikatwe ndogo, akasema huwa anawakatia wateja ndogo ndogo hata hivyo.